Kutoka Shimoni Hadi Tangazoni: Namna ya Kusoma Matokeo ya Uchorongaji wa Urani

Matokeo ya uchorongaji wa urani huufikia umma yakiwa yamefupishwa mno. Mara nyingi huwa ni jina la shimo lenye herufi na tarakimu, kina ambacho madini yalianza kuonekana, unene wa tabaka lililokutwa na kiwango cha madini yaliyomo, kwa mfano mita 8 zenye sehemu 350 katika milioni kuanzia kina cha mita 14. Kwa mstari huo mfupi wanahisa wa mbali huamua kununua au kuuza hisa zao, waandishi wa habari huandika juu ya utajiri uliogunduliwa, na wanakijiji wanaoishi jirani na eneo la leseni huanza kujiuliza kama watakachopata ni ajira, fidia au maradhi. Nyuma ya mstari huo kuna mlolongo mrefu wa vipimo, marekebisho na makadirio ambayo mwananchi wa kawaida haelezwi, ilhali ndiyo yanayoamua kama mgodi utafunguliwa na kama maji ya eneo hilo yatabaki salama, na kwa sababu hiyo anastahili kuyajua kabla mikataba haijatiwa saini.

Tanzania inao mfano wake mkubwa. Katika wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, takribani kilomita 470 kusini magharibi mwa Dar es Salaam, yako mashapo ya urani yanayoitwa Nyota, ambayo ndiyo kiini cha mradi wa Mto Mkuju. Urani hiyo imo ndani ya miamba ya mchanga ya kundi la Karoo, yaani matabaka yaliyotandazwa na mito na maziwa ya kale, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, katika bonde kubwa lililokuwa likididimia kusini mwa nchi. Chanzo cha urani katika miamba ya namna hiyo kwa kawaida ni mawe ya itale na miamba mingine mikongwe iliyokuwa ikimomonyoka pembezoni mwa bonde, kwani maji yenye oksijeni yanapopita katika mawe hayo huiyeyusha urani na kuibeba kwa umbali mrefu, hadi yafike mahali penye mabaki ya mimea iliyooza au madini ya salfaidi, ambapo oksijeni huisha na urani hushindwa kuendelea na safari, ikaganda katikati ya chembe za mchanga. Tabia hii ya kuyeyuka na kuganda tena ndiyo iliyojenga mashapo ya Nyota, na ndiyo pia inayoyafanya matokeo ya uchorongaji wake kuwa magumu kusomeka.

Kwamba kusini mwa Tanzania kuna urani kulijulikana muda mrefu kabla ya mitambo ya sasa kufika. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 ndege zenye vipima mionzi zilirushwa juu ya sehemu kubwa ya nchi ili kubaini mahali ambapo miale inayotoka ardhini ilizidi ile ya kawaida, na baada ya hapo kampuni ya Ujerumani ya Uranerzbergbau ilifanya utafutaji ardhini, kazi iliyofifia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati bei ya urani duniani ilipoporomoka. Mashapo yakabaki yalipo, na kumbukumbu zikabaki kwenye makabati. Bei ilipopanda kwa kasi na kufikia takribani dola 136 za Marekani kwa pauni moja katikati ya mwaka 2007, kumbukumbu hizo zilifunuliwa upya, na kampuni ya Australia ya Mantra Resources ikaingiza mitambo ya kuchoronga katika eneo la Mkuju.

Sehemu kubwa ya uchorongaji wa namna hii hufanywa kwa hewa yenye shinikizo. Nyundo ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya mabomba ya chuma huugonga mwamba chini ya ardhi na kuusaga kuwa vipande na vumbi, huku kompresa ikisukuma hewa kupitia bomba la nje na hewa hiyo kurudi juu kupitia bomba la ndani ikiwa imebeba kile kilichosagwa. Huko juu vumbi huingia katika chombo cha chuma chenye umbo la pia, ambacho huizungusha hewa na kuitenganisha na mchanga, na kila mabomba yanapozama mita moja, kibarua aliyeshika mfuko mdomoni mwa chombo hicho huufunga mfuko wake na kuweka mwingine. Mifuko hupangwa chini kwa safu, mita baada ya mita, kila mmoja ukiwa na namba ya shimo na kina. Mwanajiolojia huchukua kiganja cha vipande kutoka kila mfuko, akavisuuza katika chujio na kuviweka katika kisanduku chenye vyumba vidogo, na hapo rangi huanza kusema: wekundu na umanjano huashiria mwamba uliopitiwa na maji yenye oksijeni, kijivu huashiria mwamba ambao oksijeni haijaufikia, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ndipo wataalamu wa urani hukaza macho.

Njia hii ni ya haraka na ya gharama nafuu, ila ina udhaifu wake. Vumbi la mita moja linaweza kuchanganyika na la mita iliyotangulia, vumbi jembamba zaidi linaweza kupeperuka, na shimo likikutana na maji mengi sampuli hugeuka tope. Ndiyo maana baadhi ya mashimo huchorongwa kwa njia ya pili, ya biti ya almasi iliyo tupu katikati, ambayo hukata na kutoa nguzo nzima ya mwamba, ili mtaalamu aone matabaka yalivyolala, apime uzito wa mwamba kwa ujazo wake, na ahakikishe kwamba kile kilichoonekana kwenye vumbi kimo kweli ndani ya jiwe. Tangazo linalotegemea mashimo ya vumbi peke yake bila nguzo za kuyathibitisha linapaswa kupokewa kwa tahadhari.

Baada ya shimo kukamilika huja hatua ambayo haipo katika utafutaji wa dhahabu au shaba. Kipima mionzi chembamba chenye umbo la fimbo hufungwa kwenye waya na kuteremshwa hadi chini ya shimo, kisha huvutwa polepole kwenda juu kikihesabu miale ya gama inayokipiga kila sekunde, na hesabu hiyo hubadilishwa kuwa kiwango cha urani kwa kutumia mizani iliyopatikana katika mashimo maalumu ya majaribio ambayo kiwango chake kinajulikana. Marekebisho hufanywa kwa ajili ya upana wa shimo, maji yaliyomo na unene wa bomba la kinga. Kwa njia hiyo jibu hupatikana siku ileile, bila kungoja maabara, na kwa sababu kipima mionzi husikia miale kutoka pande zote za shimo, hupima mwamba mwingi zaidi kuliko ule uliosagwa. Kiwango kinachotokana na kipima hicho huitwa kiwango linganifu cha urani, na katika taarifa za kitaalamu hutofautishwa kwa herufi ndogo e mbele ya alama ya kemikali.

Herufi hiyo ndogo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Urani yenyewe haitoi miale mingi ya gama yenye nguvu. Isotopu yake kuu, urani-238, ambayo nusu yake huchukua takribani miaka bilioni 4.5 kugeuka, huzaa mlolongo wa elementi nyingine, miongoni mwake thoriamu-230, radiamu-226 na gesi ya radoni, na miale ambayo kipima mionzi huisikia kwa wingi hutoka karibu mwishoni mwa mlolongo huo, hasa katika risasi-214 na bismuthi-214. Kipima hicho, kwa hiyo, huhesabu wajukuu na kukisia idadi ya babu. Pale ambapo mwamba umekaa bila kuguswa kwa zaidi ya miaka milioni moja, ukoo wote huwa umefikia mizani na makisio huwa sahihi. Lakini katika mwamba wa mchanga ulio karibu na uso wa ardhi, ambapo mvua za kila mwaka hupenya na usawa wa maji hupanda na kushuka, urani huweza kuyeyuka na kuondoka, ikaiacha radiamu nyuma, na kipima mionzi kikatangaza utajiri ambao umekwisha kuhama. Kinyume chake pia hutokea, kwani urani iliyofika mahali papya hivi karibuni, kwa kipimo cha miaka ya kijiolojia, huwa haijapata muda wa kuzaa vizalia vya kutosha, na kipima mionzi huipita kimya.

Dawa ya tatizo hili ni maabara. Sehemu ya sampuli za vumbi na nusu ya nguzo za mwamba hupelekwa kupimwa kwa kemia, ambapo urani yenyewe huhesabiwa na wala si vizalia vyake, na majibu hulinganishwa na ya kipima mionzi mita kwa mita, hadi ijulikane kwa kila tabaka ni wapi kipima kinazidisha na ni wapi kinapunguza. Katikati ya sampuli halisi huchomekwa nyingine za kuichunguza maabara yenyewe: mchanga usio na urani kabisa ili kuona kama vyombo vimechafuliwa, unga ambao kiwango chake kinajulikana, na nakala za sampuli moja zenye namba tofauti. Msomaji wa tangazo la uchorongaji angefanya vyema kutafuta kwanza kama viwango vilivyotajwa ni vya kipima mionzi au vya kemia, na kama ni vya kipima mionzi, iwapo ulinganisho na kemia umefanywa. Swali hilo moja linaweza kubadilisha maana ya ukurasa mzima.

Hata viwango vikiwa sahihi, wastani huficha mambo. Mita 8 zenye sehemu 350 katika milioni zinaweza kuwa mita 8 zinazofanana kutoka juu hadi chini, na zinaweza pia kuwa mita 1 yenye sehemu 2,100 iliyounganishwa na mita 7 zenye sehemu 100 tu, kwa kuwa hesabu zote mbili huleta jibu moja. Kwa mchimbaji tofauti ni kubwa, maana katika hali ya kwanza atachimba tabaka zima, na katika ya pili ataufuata utepe mwembamba na kuliacha jiwe lingine kama taka. Zaidi ya hayo, unene unaotajwa ni ule ulioonekana kwenye shimo, na kama tabaka limelala kwa mteremko ilhali shimo limeshuka wima, unene wa kweli utakuwa mdogo zaidi.

Kisha huja hatua ya kuruka kutoka shimo hadi mashapo. Shimo lenye upana wa sentimita 14, likiwa katika mpangilio wa mita 50 kwa mita 50, huwakilisha eneo la mita za mraba 2,500, maana yake mwamba ulioguswa ni takribani sehemu 1 katika sehemu 160,000 za ule unaosemewa. Kwa mfano uleule wa mita 8 zenye sehemu 350, iwapo mita moja ya ujazo ina uzito wa tani 2, eneo hilo litahesabiwa kuwa na tani 40,000 za mwamba, na kwa kuwa sehemu moja katika milioni ni sawa na gramu 1 katika tani, oksidi ya urani iliyomo itakuwa tani 14. Uzito wa mwamba ukibadilishwa kuwa tani 2.2 kwa kila mita ya ujazo, tani 14 hugeuka 15.4 bila kuchoronga hata shimo moja zaidi. Ndiyo sababu kanuni za kimataifa za kutoa taarifa, kama ile ya Australia inayojulikana kwa kifupi kama JORC, huwalazimisha watafutaji kuyagawa makadirio yao katika madaraja matatu, kuanzia yale ya kukisiwa, ambayo mashimo yako mbali kila moja na jingine, kupitia yale yaliyoonyeshwa, hadi yale yaliyopimwa, ambayo mashimo yamekaribiana kiasi cha kuaminika, na taarifa hutiwa saini na mtaalamu anayebeba dhamana kwa jina lake. Jumla inayotajwa bila madaraja yake haina budi kutiliwa shaka.

Katika mashapo ya Nyota makadirio yalipandishwa mara kadhaa kadiri mashimo yalivyoongezeka, hadi yakapita pauni milioni 100 za oksidi ya urani, kwa kiwango cha wastani kilicho karibu na sehemu 300 katika milioni, yaani gramu 300 kwa tani. Kiwango hicho ni cha chini. Mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, ambao ulitoa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki, ulikuwa na mawe ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya urani. Hata hivyo, mgodi wa Rössing nchini Namibia umekuwa ukichimbwa tangu mwaka 1976 ukiwa na mawe ya kiwango kisichotofautiana sana na cha Mkuju, na hilo huonyesha kwamba udogo wa kiwango si hukumu ya moja kwa moja, mradi madini yawe karibu na uso wa ardhi, mwamba uwe rahisi kuvunjika, na bei iwe nzuri.

Bei ndiyo iliyoufundisha umma somo kubwa zaidi kuhusu Mkuju. Mnamo Desemba 2010 kampuni ya ARMZ, iliyo chini ya shirika la nyuklia la Urusi la Rosatom, ilikubaliana kuinunua Mantra kwa zaidi ya dola bilioni 1.1 za Australia. Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima nchini Japani, na ndani ya wiki chache bei ya ununuzi ikapunguzwa, ingawa katika mashimo ya Namtumbo hakuna gramu iliyoondoka. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2013, lakini bei ya urani iliendelea kushuka hadi ikawa chini ya dola 20 kwa pauni mwishoni mwa 2016, na mradi ukasimama. Wale waliokuwa wameambiwa kwamba wanakalia utajiri walibaki wakingoja. Kilichokuwa kimebadilika ni kizingiti, yaani kiwango cha chini kabisa ambacho kuchimba kunalipa: bei ikishuka kizingiti hupanda, na mwamba uliokuwa madini jana huhesabiwa kuwa jiwe la kawaida leo. Bei ilipofufuka na kuvuka dola 100 kwa pauni mwanzoni mwa 2024 kazi ilichangamka tena, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilizinduliwa Namtumbo.

Kuna mambo ambayo matangazo ya uchorongaji hayana desturi ya kuyataja, nayo ndiyo yanayomgusa zaidi mkazi wa karibu. La kwanza ni kwamba kuitoa urani katika mwamba hakuuondoi ukoo wake. Radiamu na thoriamu hubaki kwenye mabaki ya kiwanda, na kwa makadirio yanayokubalika, mabaki hayo huhifadhi takribani asilimia 85 ya nguvu ya mionzi iliyokuwamo katika mawe yaliyochimbwa, kwa muda unaopita umri wa kampuni yoyote. Kwa kiwango cha gramu 300 kwa tani, karibu mzigo wote unaoingia kiwandani hutoka ukiwa mabaki. La pili ni mahali penyewe. Mashapo ya Nyota yalikuwa ndani ya mipaka ya Pori la Akiba la Selous, lililoandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1982, na ilibidi Kamati ya Urithi wa Dunia iridhie mwaka 2012 mipaka irekebishwe ili eneo la mradi, lililo chini ya asilimia 1 ya pori zima, litolewe. Kwenye ramani ya ardhi asilimia hiyo ni ndogo. Maji hayafuati mpaka huo, kwa kuwa mito ya eneo hilo huelekea Luwegu, na Luwegu ukiungana na Kilombero huzaa Rufiji, mto unaolisha bwawa la umeme la Julius Nyerere na mashamba ya mpunga hadi delta.

Kwa hiyo uchorongaji wenye manufaa makubwa zaidi kwa umma ni ule usiopandisha bei ya hisa. Ni mashimo ya kupima usawa wa maji, mwelekeo wake na kasi yake, na ya kujua kiasi cha urani, radiamu na aseniki kilichomo kwa asili kabla jiwe la kwanza halijachimbwa, kwa sababu bila kipimo hicho cha mwanzo haiwezekani baadaye kuthibitisha kwamba mgodi umechafua au haujachafua chochote. Umuhimu wake huongezeka pale inapofikiriwa njia ya kuyeyusha urani ikiwa bado ardhini, ambayo husukuma kimiminika ndani ya tabaka kupitia mashimo ya upande mmoja na kukivuta kupitia ya upande mwingine, bila kuchimba shimo la wazi. Njia hiyo huharibu uso wa ardhi kwa kiasi kidogo, lakini hufanya kazi yake ndani ya maji yenyewe, nayo hufaa tu mahali ambapo tabaka lenye urani limefunikwa juu na chini na matabaka ya udongo mfinyanzi yasiyopenyeka. Kama matabaka hayo yapo, ni manene kiasi gani na kama hayana nyufa, ni maswali yanayojibiwa kwa kuchoronga na kwa majaribio marefu ya kuvuta maji, si kwa ahadi.

Yapo pia mashimo ya zamani. Kila shimo la utafutaji lililoachwa wazi ni njia ambayo maji ya tabaka moja yanaweza kuyafikia ya tabaka jingine, na utaratibu unaofaa ni kulijaza kwa saruji, kukata bomba la kinga chini ya usawa wa ardhi, kurudisha shimoni vumbi lenye mionzi na kuandika mahali lilipo. Sheria ya madini huitaka kampuni iwasilishe taarifa za utafutaji wake serikalini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma ndiyo hazina ya takwimu hizo, wakati Tume ya Nguvu za Atomiki ina dhamana ya kusimamia usalama wa mionzi. Serikali, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi yenye leseni maalumu, na hivyo ni mbia mwenye sababu ya kutaka kuziona takwimu za maji kwa hamu ileile anayoonyesha kwa takwimu za urani. Halmashauri ya Namtumbo na vijiji vyake vikipewa orodha ya mashimo yote, yaliyozibwa na yasiyozibwa, pamoja na vipimo vya visima vyao vya kunywa vya kila msimu, vitakuwa na matokeo ya uchorongaji yanayowahusu wao moja kwa moja, na vitaweza kuyalinganisha mwaka kwa mwaka bila kungoja tangazo la mtu mwingine.